Chini ya Bawa Kulikuwa na Watu

Yuma, wewe mutu wa kupiga wakubwa, hiyo ngumi uliipata wapi? Kwa mapadri hawakukufundisha. Kwenye iniversite hawakukufundisha. Mimi nkambo, bibi yako, nilikulea tangu huna meno, na sikukufundisha kumupiga mujomba wako mudomoni, mbele ya sahani ya wali, vidole vyako bado vina mafuta. Amisi alitema jino katika kiganja, akaliangalia kama mutu aliyekuta kijiwe katika muchele, akalitia katika mufuko wa shati, akainuka, akaenda kwake. Na wewe ulibaki umesimama pale, kifua kinapanda na kushuka, unangoja nikusifu.

Sikukusifu. Nilikuambia mbele ya watu wote kwamba sitasema nawe neno mpaka uende kwa Amisi. Niliapa kwa Mungu, na mimi nikiapa sirudi nyuma, unanijua. Tangu hapo umejifungia katika chumba cha uani, huli, unafunga sanduku na kulifungua. Mwanaidi wa jirani anakuletea chai, unairudisha. Vizuri. Mudomo niliufunga kwa kiapo, lakini mukono sikuuapia, kwa hiyo nakuandikia. Herufi hizi ulinifundisha wewe mwenyewe kwa mukaa, juu ya mulango wa jikoni, ulipokuwa mwanafunzi mudogo na ulijiona mwalimu mukubwa. Kama zinakwenda kombo, laumu mwalimu wangu.

Kesho asubuhi lori ya Mugiriki inakuchukua mpaka kwenye treni, treni inakupeleka mbele, na mwisho utafika Bulaya, kwenye ile nyumba yenu ya kufungia upepo na kupima mabawa ya ndege. Sitakuambia habari ya baridi, wala ya soksi, wala ya wanawake wa kule. Shangazi zako wamekwisha kukujaza masikio. Mimi nina jambo moja. Unataka kutoka Kasongo na mujomba wako hajakutemea maji. Mutoto wa dada haondoki hivyo. Hapa mujini haondoki, na kwetu Kabambare nilikozaliwa haondoki. Mujomba anajaza maji mudomoni, anakutemea usoni, njia yako inakuwa njia. Asipokutemea, unakwenda kama mutu aliyetoroka gereza, na kila mulango utakaogonga kule utakuwa unaangalia nyuma. Mapadri walikubatiza wakakuita Yozefu ili wakupe dawati shuleni mwao, na ndugu za baba yako wakaja hapa na fimbo kutaka kunipasua kichwa. Nilinyamaza. Juu ya dawati nilinyamaza. Juu ya maji ya mujomba sinyamazi.

Tuanze na jana, kabla ya ngumi, maana ulisahau mwanzo.

Amisi alikuuliza kwa wema, kama mutu anayemuuliza mutoto wake, hiyo kazi ya Bulaya ni kazi gani. Nilifikiri utamutupia maneno ya Kifaransa mpaka tulale. Lakini uliinuka, ukachukua lungo langu la kupepetea, ukatoka nalo uani penye upepo, ukamupa alishike.

"Lishike bapa, mujomba. Sasa inua ukingo wa mbele kidogo."

Akainua. Lungo lilitaka kumutoka mikononi lipande juu, naye akacheka kama mutoto.

"Inua tena. Tena."

Likaanza kutetemeka, likapiga-piga, halafu likawa zito, halipandi, linamusukuma tu nyuma.

"Hapo upepo umeliachia," ulisema. "Upepo unatembea juu ya mugongo wa bawa kama mutu anayepapasa ukuta gizani. Ukuta ukipinda polepole, anaufuata. Ukipinda ghafula, mukono unakosa ukuta, anaanguka. Na ndege inaanguka naye."

Halafu, bila kuniomba, ulichukua kibuyu changu kirefu cha maji ukakitoboa mugongo kwa musumari wa moto. Matundu madogo madogo, mustari muzima. Ukawasha gunzi la mahindi, ukamupa Amisi kipepeo cha kupepea moto apeleke moshi polepole. Moshi ulipanda juu ya kibuyu, ukafika kati, ukaachia, ukawa unajizungusha nyuma yake kama maji nyuma ya jiwe katika muto. Ukachomeka murija wa papai katika shingo ya kibuyu, ukaziba kwa udongo, ukaanza kuvuta kwa mudomo. Na moshi ukalala. Nimeuona kwa macho yangu haya. Ulilala juu ya mugongo wa kibuyu ukashuka nao mpaka karibu na chini, kama mutu ameupapasa kwa mukono. Ulipoacha kuvuta, ukaachia tena. Ulikohoa mpaka machozi, na Amisi akasema, "Kumbe wanakupeleka Bulaya kuvuta moshi. Basi mimi na kiko changu ni profesere tangu zamani." Watu walicheka. Hata wewe ulicheka.

Ulisema kule kuna masini ya kuvuta, na mabawa yenyewe yana matundu, na kazi yenu ni kujua matundu yakae wapi na masini ivute kiasi gani, ili ndege iweze kuinua pua kupita inavyoinua leo na upepo usiiachie. Mimi nilikugombeza juu ya kibuyu. Moyoni nilijisikia kama mwanamuke aliyemuzaa sultani. Hilo sikukuambia, na kama si kiapo hiki nisingelikuambia hata leo.

Halafu tukarudi kula, na Amisi akauliza neno lake. Sema kweli, aliuliza nini? Ulisikia hasira, hukusikia neno. Aliuliza hivi: "Basi yule Muzungu wa ndege, siku ile ya kiwanja, aliinua pua kwa nini? Kiwanja kilikuwa mbele yake, kirefu, safi. Angeshuka tu."

Ukamujibu, "Alikuwa mulevi, mujomba. Wimbo unasema."

Akasema, "Hakuwa mulevi. Nilimubeba mimi. Mudomo wake ulinuka damu, haukunuka kitu kingine." Akatafuna kidogo, akaniangalia. "Mama, mulikuwa wapi alipoinua?"

Nikamujibu kweli. Nikasema, "Katikati ya kiwanja. Mimi mbele."

Ndipo ukamupiga. Ukapiga kelele kwamba ananiita muuaji wa mama yako, ndani ya nyumba yangu, mbele ya watu. Yuma, ni nani aliyekuomba unitetee? Nilikuwa nimekaa pale, nina mudomo, nina ulimi, na Kasongo nzima inajua kwamba ulimi wangu hauhitaji askari. Amisi hakuniita kitu. Aliuliza, nikajibu. Jibu lilikuwa langu. Kama ulitaka kumupiga mutu juu ya lile jibu, ungenipiga mimi.

Sasa nitakuambia siku ile yote, kwa sababu wewe unaijua kwa wimbo, na wimbo ni wangu, na umedanganya.

Vita vya Wazungu huko kwao vilikuwa vimeanza. Hapa wakataka kiwanja cha ndege haraka. Kila kata ilitoa wanawake. Kapita, musimamizi wao, alipita lupango kwa lupango, ua kwa ua, na fimbo, na aliyechelewa alimupiga matakoni mbele ya watoto wake. Tulikwenda na michi yetu ya kutwangia, tukatwanga ardhi badala ya muchele, tumejipanga mustari, jua linachoma, na Muzungu wa barabara amekaa chini ya mwavuli. Vijana kama Amisi walibeba udongo kwa vikapu. Mama yako Zaina alikuwa karibu nami katika mustari, na wewe mugongoni mwake. Alikuwa mwembamba lakini muchi wake uliingia chini kuliko wangu.

Kiwanja kilipokwisha, wakatuambia mukubwa mumoja atakuja na ndege ya kwanza, anaiendesha mwenyewe, tumupokee kwa nyimbo. Wakaleta na wanawake wa Nyangwe, kwa mitumbwi, wamejifunga vitambaa vipya, na mwimbishaji wao mwenye shingo kama bata. Nilimuchukia tangu aliposhuka. Muzungu wa barabara akasema wote tukae pembeni, Nyangwe upande ule, Kasongo upande huu, tuimbe tukiwa pembeni mpaka ndege isimame.

Wewe umezaliwa hapa, unajua desturi. Mugeni mukubwa hangojwi mulangoni. Ukimungoja mulangoni umemutukana. Unatoka kumulaki njiani, mbali, kabla mugeni hajaona paa la nyumba yako, na unatandika nguo yako chini apite juu yake. Baba ya babu yako alipotoka safari walimulaki nusu ya siku mbali. Sasa Muzungu anasema pembeni. Niliwaambia wenzangu, ni mugeni gani anayelakiwa pembeni, kama mbuzi anayepita? Waacheni wale wa Nyangwe wakae pembeni, wamezoea kukaa na samaki wao. Sisi tunatoka.

Hakuna hata mumoja wetu aliyekuwa ameiona ndege ikishuka. Tulifikiri inakuja kama mutu anavyokuja, inakuona, inapunguza mwendo, inasimama mbele yako.

Zaina alikufungua mugongoni mwake akanipa mimi. Unajua kwa nini? Juu ya kitambaa. Kitambaa alichokubebea kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, chekundu chenye maua, alitaka kukitandika. Alisema, "Mama, muchukue huyu, nimutandikie mugeni." Nikakufunga mugongoni kwa nguo yangu ya kazi. Ukalia. Ukamutaka yeye.

Ndege ilipotokea juu ya miti, nilipiga kigelegele cha kwanza. Sauti yangu wakati huo iliweza kuvuka muto. Nikakimbia, na kata nzima ikakimbia nyuma yangu, mpaka katikati ya kiwanja, vitambaa mikononi. Ndege ilikuwa chini sana, polepole, magurudumu yakitafuta ardhi. Niliuona uso wake nyuma ya kioo. Niliona mudomo wake umefunguka. Halafu pua ikainuka ghafula, karibu isimame kama farasi, na ndege ikapita juu ya kichwa changu. Upepo wake uliniangusha kifudifudi, nawe mugongoni mwangu. Nilisikia masini inalia, halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa na jina lake. Jana ulinipa jina lake. Upepo uliachia.

Bawa la kushoto lilishuka kwanza. Lilipita katika wanawake waliokuwa nyuma yangu kama panga katika majani, na chuma cha mbele kilikuwa bado kinazunguka. Wanawake wale, nilikuwa najua jina la kila mumoja na jina la mutoto wake. Vitambaa vilikuwa juu ya majani, vingine havikuguswa hata kidogo. Mama yako nilimutambua kwa kile chekundu. Alikuwa amekishika bado. Sitaandika zaidi. Nilimwona, inatosha mutu mumoja kumwona.

Muzungu wa ndege hakufa. Alikuwa amening'inia katika kioo kilichopasuka, muguu umebanwa, damu machoni, ananyoosha mukono, anasema maneno. Anatuonyesha sisi kwa kidole, anasema, anasema. Sikujua maneno yale. Niliamini anatushitaki. Niliokota muchi, wangu au wa mwingine, sijui. Nilikwenda kwake. Sikulia, sikupiga kelele. Niliinua muchi juu ya kichwa chake kama unavyouinua juu ya kinu, kwa mikono miwili, na nilikuwa najua vizuri ninachofanya.

Amisi alitokea upande, akatia mukono wake kati. Muchi ulishuka juu ya mukono. Ulivunjika kama ukuni mukavu, nilisikia mulio. Hakunisukuma. Alisema tu, "Mama, mutoto iko mugongoni kwako." Halafu, kwa mukono uliobaki, akamuvuta Muzungu nje, maana petroli ilikuwa inamwagika, akamukokota mpaka kwenye majani, na ndege ikawaka nyuma yao.

Basi askari walipofika waliona nini? Waliona kijana mweusi amekaa juu ya majani, amemushika Muzungu aliyejaa damu. Hawakuuliza. Walimulaza kifudifudi pale pale, wakamupiga kiboko, mukono umevunjika, mufupa unaonekana. Muzungu wa ndege alikuwa akinyoosha kidole na kusema maneno yake, nao wakafikiri anasema ongeza. Labda alikuwa anasema acheni. Yeye Muzungu walimubeba, hatukumwona tena. Mimi nilikuwa pale. Ningeweza kusema, mukono ule nimeuvunja mimi, na yule mutu ameokolewa na huyu munayemupiga. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na kitambaa chekundu, wewe umelala mugongoni, na sikuinua hata kichwa.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mukono wa Amisi uliopinda ni mimi. Mugongo wake ni askari. Jino ni wewe. Katika nyumba hii amebaki nani ambaye hajamupiga? Labda yule kuku wa mayai.

Najua unafikiri hakuna mutu mwenye uchungu ndani ya mukono ule uliopinda. Anacheka mno, kwa hiyo watu wanafikiri hakumbuki. Miaka yote hii hakunitajia muchi. Mimi pia sikumutajia. Nilimupikia. Nilidhani kupika ni kusema.

Na nikatunga wimbo. Unaujua wimbo, ulikua ndani yake, wanawake wa Kasongo wanatwanga nao mpaka leo, na Salamabila kwenye mugodi wanauimba, na wachimbaji wanaupigia miluzi. Nilimufanya Muzungu mulevi, chupa mukono huu na ndege mukono ule. Wimbo muzuri. Unachekesha. Mutu akitwanga kwa hasira anahitaji mutu wa kutwanga, nami nikawapa yule. Wewe ukiwa mudogo uliniuliza, "Kama hangekunywa, ndege ingeanguka?" Nikakupiga kofi nikakuambia ulale. Lakini hukuacha kuuliza. Uliwauliza mapadri, ukauliza vitabu, ukauliza kule iniversite. Sasa jibu umelileta mwenyewe, na ulipolisikia katika mudomo wa Amisi ulilipiga ngumi.

Nimekuuliza mwanzoni ngumi uliipata wapi. Najua ilikotoka. Ni yangu. Lile kovu kwenye muguu wangu, ulilokuwa unalipapasa ukiwa mudogo ukisema ni samaki, nilikudanganya kwamba ni jiwe la muto. Baba yangu alikuwa mufua chuma Kabambare, na mimi nilivuta mivukuto yake, kwa sababu kaka zangu walikuwa wavivu. Siku moja kaka yangu alinitukana, nikaingia kwenye mivukuto na hasira yangu. Nilivuta kama ninamukaba koo. Moto ulibadilika rangi, ukawa mweupe, na jembe lililokuwa ndani likaanza kurusha nyota. Nilifurahi. Nilifikiri nimefanya kazi kubwa. Lilikuwa limeungua, chuma kimekuwa kama mukate mubaya, kazi ya siku nyingi imeharibika. Baba alilichomoa kwa koleo akanitupia. Lilinipata muguuni. Hasira yangu ilipita katika upepo ikaingia katika chuma, hasira yake ikapita katika chuma ikaingia katika muguu wangu, na tangu siku ile ni kama inanitembea ndani, inatafuta pa kutokea. Imetokea kwa muchi. Jana imetokea kwako. Naiona, naijua hata mwendo wake.

Jana nililala macho wazi juu ya neno la Amisi. Aliinua pua kwa nini? Alikuwa na kiwanja kirefu mbele yake, na juu ya kiwanja alikuwa na mimi, na juu ya mugongo wangu alikuwa na wewe. Angeshuka tu, kama Amisi alivyosema. Angetupitia, magurudumu yangefanya kazi yao, na yeye angesimama mbele na miguu yake mizima. Hakutaka. Aliinua. Alijua kuliko sisi wote kwamba bawa halitakubali, maana ni kazi yake, na aliinua hivyo hivyo. Bawa lilimubeba mpaka likatuvuka sisi wawili. Hapo likachoka. Waliokuwa nyuma yetu hawakuvukwa.

Mutu huyo ndiye niliyemwinulia muchi. Ndiye niliyemutukana katika kinu cha kila nyumba. Sijui kama yuko hai. Sijui jina lake. Kama Amisi hangetia mukono, ningekuwa nimemuua mutu aliyenipa wewe.

Usije ukakaa katika treni ukawaza kwamba nkambo yako anajilaumu mpaka anakonda. Sikondi. Nilikosa kwa desturi nzuri, na bado ni desturi nzuri, mugeni anastahili kulakiwa. Nilikosa kwa kiburi mbele ya wanawake wa Nyangwe, na bado mwimbishaji wao alikuwa na shingo kama bata. Lakini wimbo nimeuzima. Leo asubuhi walianza kuuimba hapo uani, nikawaambia mutu akiutia tena mudomoni katika lupango langu nitamutwanga na muchele wake. Waliniuliza kwa nini. Nikawaambia ndege haikunywa wala mwenye ndege hakunywa. Nikawaambia ya pua na ya upepo. Wakasimamisha michi. Mama wa Mwanaidi, ambaye dada yake alikuwa nyuma yangu siku ile, aliweka muchi chini akaenda kukaa peke yake nyuma ya choo. Sikumufuata. Nitakwenda kwake kesho ukishaondoka, na anaweza kunifanya analotaka.

Sasa hiyo kazi yako naielewa, bwana yangu mudogo. Ndiyo, nimekuita bwana yangu, kama nilivyokuita tangu ulipozaliwa, kwa sababu nkambo ana haki ya kuolewa na mujukuu wake muvivu. Mutu yuko juu, chini kuna watu, anaomba bawa limupe kidogo zaidi ya lilichonacho. Kidogo tu. Kupita vichwa vya kata moja. Wewe unakwenda kutafuta hicho kidogo, kwa matundu na kwa kuvuta. Sijui kama kinapatikana. Ukikipata, sitaki kusikia kwamba kimewafanya Wazungu waende mbio zaidi. Na kule, mukichora bawa lenu na mistari ya upepo juu yake, kama ulivyonionyesha katika karatasi zako, nimeona chini ya bawa munaacha peupe. Usiache peupe. Chora ardhi, na juu ya ardhi chora wanawake, na mumoja wao awe na kitambaa. Mwalimu wako akikuuliza hao ni akina nani, mwambie ni sehemu ya hesabu.

Alasiri imeshaadhiniwa, na Mwanaidi anangoja karatasi. Fungua mulango. Usioge, usibadili shati, nenda na shati hilo hilo lenye tone la damu yake, aone kwamba hukulificha. Pita njia kubwa, watu wakuone. Amisi iko kwake, nimemutuma mutu kuangalia. Piga magoti nje, usingoje aseme karibu. Usimweleze kwamba ulinitetea. Mwambie alichouliza kilikuwa kweli, na umuombe akuhadithie alichokiona yeye, maana mimi nilikuwa kifudifudi na yeye alikuwa amesimama. Ulale kwake. Alfajiri mupelekee maji wewe mwenyewe, katika kile kibuyu ulichokitoboa, ziba matundu kwa vidole vyako, na usimwage. Atajaza mudomo, na kwa pengo lile ulilomupa maji yatatoka ovyo, yatakuingia machoni na puani. Usicheke. Usijipanguse. Panda lori na uso wako umelowa hivyo hivyo, kaa juu ya mizigo, uelekee mbele, na uache upepo ukukaushe.